Vidonge kwenye Sinia

Kwa miezi kumi na minne Massoudi alimheshimu mke wake kupita kiasi, na ni heshima hiyo iliyokuwa ikimmaliza Zubeda. Asubuhi alimwamkia kwa kuinamisha kichwa, kama mtu aliyeingia ofisi ya watu. Akiletewa chai, alishukuru mara mbili. Jioni, saa ya kufunga milango kwa sababu ya couvre-feu, amri ya kutotoka nje usiku, alimuuliza kwa upole, "Bibi, bwana wako hatakuja kukuchukua? Njia si nzuri saa hii." Kisha alibeba mkeka wake akaenda kulala kwenye korido, maana yeye, fundi wa injini za boti, mtu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, tangu enzi za babu yake, hakulelewa kulala chumba kimoja na mke wa mtu.

"Mi ndiyo muke wako," Zubeda alimwambia siku za mwanzo.

"Mungu akusamehe," Massoudi alimjibu. "Bwana wako akisikia ataumia."

Mtu akisikia habari hii hudhani ni bomu. Ingekuwa bomu tungeisimulia kwa heshima. Bomu lilianguka kweli, Juni ya mwaka 2002, kwenye ua wa bandari, likajichimbia mchangani likanyamaza, na mpaka leo halijasema neno. Lakini makuli waliokuwa wakishusha kasha la sabuni kwa kamba waliiachia kamba wakakimbia, na chini ya kasha alikuwepo Massoudi, ameinamia injini. Hospitali walimshona, wakamnyoa, wakamrudisha nyumbani. Wasengenyaji wa mtaa wakasema akili ni nywele, na za Massoudi zimenyolewa zote.

Zubeda alikwenda kwenye ofisi ya komini, serikali ya mtaa, kumwandikisha mumewe kwenye orodha ya walioumizwa na vita, ili apate matibabu. Karani alikuwa na kalamu mbili mfukoni na watu sitini kwenye mstari.

"Bombu ililipuka?" karani aliuliza.

"Apana."

"Basi nini ilimupiga?"

"Sabuni."

Karani akaweka kalamu chini. "Mama, hii liste ni ya vita. Sabuni siyo vita."

"Watu waliachia sabuni juu ya bombu."

"Bombu iko wapi?"

"Iko muchangani."

"Imelala?"

"Imelala."

"Basi haina kosa," karani akasema, akamwita mtu wa nyuma yake. Watu kwenye mstari walicheka, na Zubeda naye akacheka pamoja nao, kwa sababu ndiyo ilikuwa njia fupi ya kutoka mle ndani bila kulia.

*

Haya yote angeyavumilia. Zubeda alikuwa mwanamke wa kuvumilia, tena bila kujisifu. Kilichomkosesha usingizi ni habari ya Hayat, binti yao wa pekee, aliyekuwa amechumbiwa na Djibril, fundi charahani wa avenyu ya tisa. Mahari yalikubaliwa kabla ya sabuni. Sasa baba wa bibi harusi hakumjua hata bibi harusi, na Shakuru, mdogo wake Massoudi, akaja kukaa sebuleni na kanzu yake nyeupe.

"Shemeji," akasema, "mutu asiyekuwa na akili hawezi kuwa walii wa kuozesha. Walii ni mi. Na mi nikiwa walii, uyo Djibril asahau. Hayat ataenda Rumonge, kwa rafiki yangu wa samaki."

"Yule mwenye wake wawili?"

"Amejenga vizuri."

Sababu ilijulikana Buyenzi nzima. Baba yake Djibril alikuwa amempokonya Shakuru kipaza sauti cha msikiti, katika kikao cha kamati, kwa kura kumi na moja dhidi ya tatu. Tangu siku hiyo Shakuru aliadhini nyumbani kwake kwa sauti ya mdomo tu, ili watu waone walichopoteza. Kabla ya kuondoka aliuliza, kama alivyouliza kila alipokuja, hati ya nyumba iko wapi. Hakuna aliyejua. Massoudi aliificha kabla ya sabuni, mahali pazuri mno.

Zubeda alikwenda kwa Sheikh Radjabu. Sheikh alikuwa mtu mwema mwenye kumwogopa Shakuru, maana Shakuru alikuwa na sauti hata bila kipaza.

"Mi sikuandika sheria," sheikh akasema. "Akili ikirudi, walii ni baba. Isiporudi, ni baba mudogo. Tuweke Ijumaa ya pili ya Agosti. Massoudi ataozesha mwenyewe, mbele ya watu, bila kuambiwa neno na mutu. Akiweza, Djibril ameoa. Akishindwa, mi nitanyamaza."

Ilikuwa Januari. Zubeda alihesabu kwenye vidole, akaona miezi saba.

*

Wiki hiyohiyo ndipo Dokta Sylvère aliposikika. Kijana mrefu, aliyesoma Ubelgiji, alikuwa amepanga nyumba Mutanga Sud, nyuma ya kampasi ya chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa kutafuta watu walioumia kichwani. Kampuni ndogo ya kule ilikuwa imetengeneza dawa ya ubongo uliopigwa, dawa ya kuzuia sehemu iliyokufa isiivute sehemu iliyo hai. Walikwisha kuijaribu kwa panya. Sasa walitaka watu, na vichwa vilivyovunjika Bujumbura vilikuwa vingi kuliko ndizi.

Zubeda hakuulizwa kama ni bomu au ni sabuni. Dokta alitazama kovu tu, akaandika namba saba. Kwa hilo peke yake alimpenda.

Walikaa kwenye mabenchi, wagonjwa ishirini na watu wao, wote wa Buyenzi na Bwiza. Pembeni ya Zubeda alikaa Consolée, mama wa Uvira anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, na mumewe Mirindi, aliyepigwa kitako cha bunduki kwenye kizuizi kwa kosa la kuulizwa jina akasahau kujibu haraka. Sasa alilisahau kabisa. Mbele yao alikaa Mwantum, bibi mnene mwenye sauti ya kuamuru, aliyemleta kaka yake.

"Kumi watapata dawa," dokta akaeleza. "Kumi watapata vidonge vya unga. Kwa macho ni sawasawa, kwa ulimi ni sawasawa. Baada ya miezi sita tutalinganisha."

"Unga?" Mwantum akauliza. "Unga wa nini?"

"Wa mahindi, mama."

"Mugonjwa anakuja kutafuta dawa, we unamupa ugali?"

Watu wakacheka. Dokta akangoja wamalize. Alieleza kwamba bila wa unga hutajua kama aliyepona kaponywa na dawa au na Mungu.

"Dawa na Mungu baligombana lini?" Consolée akauliza kwa sauti ndogo, na dokta akageuza ukurasa.

"Na we unajua nani atakula unga?" Zubeda akauliza.

"Hata mi sijui. Nikijua, macho yangu yatawapendelea wengine. Anayejua ni ordinateur, iko Ubelgiji."

Zubeda aliwaza hilo njia yote ya kurudi. Kuna mashine mahali fulani, haijanywa hata chai kwake, nayo inajua kama mume wake anakula dawa au ugali, na haisemi. Lakini sahihi aliweka. Alikuwa na Agosti shingoni.

*

Kila mwisho wa mwezi dokta aliwapima. Alitaja maneno matano, ndizi, msumari, ngoma, mvua, kuku, akazungumza mambo mengine kidogo, kisha akamtaka mgonjwa ayarudie. Halafu alimuuliza jina la mke wake. Maneno yalikuwa yaleyale kila mwezi, hivyo haikuchukua muda watoto wa Buyenzi wakawa wanayaimba wakiruka kamba, na wake wa wagonjwa wakawa wanayafundisha jikoni. Kuhusu hilo dokta hakuambiwa kitu. Si kwamba watu walitaka kumdanganya. Mtu akikwambia mtihani ni huu, utaacha kusoma?

Mwisho wa Januari Massoudi alikumbuka kuku peke yake. Mirindi alikumbuka matatu, kisha akamgeukia mkewe akasema, "Consolée, radio nilificha mu gunia ya makala." Walikwenda kutazama, wakaikuta.

Habari ilifika Buyenzi kabla yao. Zubeda alimpongeza Consolée, akamkumbatia, akarudi nyumbani akakaa jikoni. Aliona wivu, na aliona aibu ya wivu, na wivu haukupungua. Akafungua kidonge kimoja akakilamba: kichungu. Akampa Hayat alambe: kichungu. Akaenda kuomba kimoja cha Mirindi. Nacho kichungu vilevile.

"Hawa wazungu," Hayat akasema, "hata ugali wametia shubiri."

Consolée akaanza kumkwepa bombani. Alikuja kuchota maji asubuhi sana, au wakati wa sala ya adhuhuri, akijua Zubeda yuko kwenye mkeka. Siku nne hivi. Siku ya tano, ikawa Idd ya kuchinja, alikuja mwenyewe mpaka uani, na chupa ya vidonge vya mumewe ameifunga kwenye ncha ya kitenge.

"Mama Hayat," akasema, "mi siwezi kula nyama, we unalamba mufupa. Yangu ndiyo dawa, unaona mwenyewe. Tugawe."

Zubeda aliitaka ile chupa kuliko alivyowahi kutaka kitu.

"Na wale wengine?" akauliza mwishowe. "Tukigawana mi na we, kaka ya Mwantum atakula nini?"

Mwantum alikuwa palepale uani, kisu mkononi, sinia kubwa la shaba mbele yake. Kwa miaka ishirini na tisa ndiye aliyegawa nyama ya Idd katika mtaa ule, na hapajatokea mtu aliyerudisha fungu lake akisema amepunjwa. Alisikiliza, akafuta kisu kwenye aproni.

"Semeni vyupa vyote vije," akasema.

Jumapili chupa zote ishirini zilikuja, za Waislamu na za Wakristo, hata ile ya mzee mmoja wa Bwiza ambaye mkwewe alikuwa mwalimu wa sayansi. Mwantum alisema bismillahi, mama mmoja wa Kikatoliki akaweka ishara ya msalaba, vidonge vikamiminwa kwenye sinia, vikachanganywa kwa mikono miwili kama mtu anayechambua mchele. Kisha yakapangwa mafungu ishirini.

Sasa tukafika kwenye desturi. Fungu haligawiwi kwa jicho, maana jicho lina ndugu na jirani. Mtu mmoja hugeuzwa ukutani, mwingine anagusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" na yule wa ukutani hutaja jina bila kuona. Safari hii walimgeuza Massoudi. Hakumjua mtu hata mmoja pale, kwa hiyo hakuwa na wa kumpendelea. Alitaja namba tu, kwa adabu kubwa.

"Hili la nani?"

"La kumi na mbili, bibi."

"Na hili?"

"La saba. Kama mwenyewe hatakasirika."

Hivyo kila mtu akala nusu dawa na nusu ugali, na moyo wa kila mtu ukatulia. Walikubaliana dokta asiambiwe. Yeye mwenyewe alisema asijue kitu, ili macho yake yasipendelee; nao walimsaidia. Kila mwezi, siku ya pili baada ya kuchukua chupa Mutanga, sinia la Mwantum lilitolewa. Hata ile wiki mbaya ya Julai, mji ulipopigwa kutoka milimani na watu wakalala chini ya vitanda, mgao haukukosa. Ulichelewa siku mbili.

*

Vichwa vikaanza kurudi, vyote, na vyote nusu.

Kaka yake Mwantum alijua tena kuvaa suruali, ila mguu mmoja tu bila kusaidiwa. Mzee wa Bwiza alikumbuka madeni yote aliyowadai watu, na hakukumbuka hata moja alilodaiwa, ingawa wengine walisema alikuwa hivyo tangu ujana. Mirindi aliyekuwa akipona mbio alipunguza mwendo. Alitoka nyumbani kununua mkate, akafika dukani, akanunua, akasahau kurudi. Consolée alikuwa akimfuata kwa mbali. Hakumlalamikia mtu.

Massoudi alizitaja injini zote za bandarini kwa majina ya boti zake. Alimkumbuka Djibril, akamuuliza kama bado anashona mifuko ikiwa imepinda. Alisali rakaa zake kamili. Siku moja alimtazama Hayat sana, akamwambia, "We ni mutoto wa hapa," na Hayat akakimbilia chooni kulia. Lakini jina hakulitaja. Na Zubeda alibaki Bibi, mke wa mtu, mwenye bwana mzembe asiyekuja kumchukua.

"Muke wako anaitwa nani?" dokta aliuliza kila mwezi.

"Niliacha kuoa kwanza," Massoudi alijibu, "nitengeneze injini."

Na kila mwezi Zubeda alikaa palepale kwenye benchi, akisikia.

*

Ijumaa ya pili ya Agosti, saa nne asubuhi, masufuria ya pilau yakiwa motoni, Dokta Sylvère aliingia uani akiwa na kasha la karatasi ngumu. Hakuvaa kama mtu wa harusi.

"Samahani, mama. Sikujua kama ni leo. Nimekuja kuchukua vidonge vilivyobaki. Utafiti umefungwa."

"Umefungwa na nani?"

"Na kule." Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, kitu asichowahi kufanya. "Wamefungua namba. Waliokula dawa na waliokula unga wako sawasawa kabisa. Hata tofauti ya nukta hakuna. Kwa hiyo dawa haina kazi. Wataitupa."

Zubeda aliweka mwiko juu ya mfuniko. "Namba saba ilikuwa nini?"

"Unga, mama. Ndiyo maana wanashangaa. Mzee Massoudi amepona nusu kwa unga wa mahindi."

"Na kumi na mbili, ya Mirindi?"

"Kumi na mbili ilikuwa dawa."

Mirindi alikuwa akibeba viti kutoka kwa jirani. Alifika katikati ya ua, akasimama na viti viwili mkononi, akatazama huku na huku, akasahau ni vya nini. Consolée akaja akamshika kiwiko akamwelekeza. Zubeda aliona. Nusu ya kichwa cha mume wa mtu ilikuwa imekaa kwenye kichwa cha mume wake.

"Dokteri," akasema, "tuligawana."

"Mligawana nini?"

"Vidonge. Vyote. Tulichanganya kwenye sinia."

Dokta alimtazama kama hajaelewa Kiswahili. "Watu wangapi?"

"Wote."

"Tangu lini?"

"Tangu Idd."

"Nani aligawa?"

"Mimi," Mwantum akasema kutoka jikoni, akatoka nje kwa fahari akikausha mikono. "Sawasawa, dokteri. Hata kimoja hakikuzidi. Na tulimugeuza mutu ukutani, asijue nani ni nani, kama vile we ulitufundisha."

Dokta Sylvère akaweka kichwa kati ya magoti. Mabega yalitikisika, na wanawake wakatazamana, hawakujua kama wamletee maji au wamwache. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, na alikuwa akicheka.

"Basi inafanya kazi," akasema. "Nusu dozi inafanya kazi. Mungu wangu, kumi wangepona kabisa."

"Waandikie," Zubeda akasema. "Waambie ni makosa yetu."

"Nitaandika. Nitawaambia vilikaa kwenye sinia la nyama. Watajibu kwamba hawatarudi kutafuta ukweli kwenye mji wenye vita." Alipangusa macho kwa mkono wa shati. "Mama, mlijua nani anapata dawa?"

Consolée ndiye aliyejibu. Alikuwa amesimama nyuma yao muda wote.

"Mi nilijua. Bwana yangu alianza kukumbuka, wa Mama Hayat apana. Si niko na macho?"

"Na ukatoa?" dokta akauliza.

"Ningepita naye wapi, akiwa muzima?" Consolée akasema. "Bomba ya maji ni moja." Akaenda kumwangalia Mirindi, ambaye alikuwa amekaa kwenye kimoja cha vile viti barabarani.

Dokta alifunga kasha lake tupu. Kila nyumba ilikuwa na vidonge vya siku tisa, na kazi yake ilikuwa kuvikusanya na kuvihesabu. Alitoa fomu. Penye sababu ya vidonge kutorudishwa aliandika neno moja, akamwonyesha Zubeda: vita.

Zubeda alilisoma mara mbili. Alikuwa amesubiri mwaka mzima mtu mwenye kalamu aliandike.

"Kula kwanza," akamwambia. "Usitoke na njaa kwenye harusi."

*

Baada ya alasiri wanaume walikaa uani kwenye mikeka, na wanawake nyuma ya pazia la vitenge vilivyoshonwa na bwana harusi mwenyewe, mishono imepinda kidogo. Shakuru alikaa mbele kabisa na kanzu yake, amejitayarisha kusimama. Rafiki yake wa Rumonge alikuja pia, eti kusalimia tu. Dokta alikaa nyuma na Mirindi.

Massoudi alivishwa kofia yake ya kito, akakalishwa goti kwa goti na Djibril, akampa mkono. Nyuma ya pazia Hayat alimkamata mama yake vidole mpaka vikauma.

"Mzee Massoudi," Sheikh Radjabu akasema, "ozesha."

Massoudi alisafisha koo. Alisema bismillahi, akamhimidi Mungu, akamswalia Mtume, kila neno mahali pake, na watu wakaanza kupumua.

"Djibril mwana wa Salumu," akasema, "nimekuoza binti yangu..."

Ule mkono uliomshika Djibril ukaanza kutafuta, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni.

"Ndizi," Mirindi akamnong'oneza kutoka nyuma, kwa nia njema kabisa. "Musumari."

Dokta akamziba mdomo.

"Nimekuoza binti yangu," Massoudi akarudia, na uso wake ukafunguka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Zubeda."

Shakuru alikuwa amesimama kabla neno halijaisha. "Mumeona wenyewe. Anaozesha muke wake." Mtu wa samaki akatengeneza kola. Sheikh akafunika uso kwa kiganja.

Nyuma ya pazia Hayat aliachia vidole vya mama yake. Zubeda alijua kwamba binti yake ameangamia, tena kwa jina lake yeye, na alipaswa kulia. Lakini moyo ulikuwa ukimruka kwa furaha kama wa msichana, na hakuweza kuuzuia. Ameitwa. Baada ya miezi kumi na minne ameitwa, na mwanamume yule alilitamka lile jina kama zamani, akivuta ile silabi ya katikati.

Mwanamke hasemi katikati ya nikahi. Zubeda alisimama. Alitaka kumwita Baba Hayat, kama alivyomwita maisha yao yote, akajiuma ulimi: angekuwa amempa jibu. Basi akamwita kwa jina tupu, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Massoudi."

"Naam."

"Leo nani anaolewa?"

"Mutoto."

"Mutoto gani?"

"Mutoto wetu." Massoudi akaanza kukasirika. "Sasa juu ya nini unaniuliza mi? Jina we ndiyo ulichagua. Mi nilitaka Fadhila, jina la mama yangu. Ukalia siku tatu, na mama yako akapanda boti kutoka Ujiji kuja kulia na we. Nikasema haya, aitwe Hayat, mi nilale."

Kicheko kilianza upande wa wanawake kikavuka pazia.

"Ameambiwa," Shakuru akapaza sauti. "Tulisema asiambiwe neno."

"Ameulizwa," Sheikh Radjabu akasema, na kwa mara ya kwanza mtaa ule ulimsikia akimkatiza Shakuru. "Kuulizwa siyo kuambiwa. Na mutu anayekumbuka ugomvi na muke wake wa miaka ishirini, akili yake inapita yangu. Kaa chini, Shakuru. Mzee, malizia."

Massoudi alimgeukia Djibril. "Nimekuoza binti yangu Hayat, kwa mahari mliyokubaliana," akasema, kwa uchungu wa mtu aliyeshindwa shauri la jina miaka ishirini iliyopita na bado hajaridhika.

"Nimekubali kumuoa," Djibril akasema haraka sana, na vigelegele vikapasuka.

*

Walikula mapema, watu wawahi makwao kabla ya couvre-feu. Dokta alikula sinia moja na Mirindi, Mwantum akimsogezea nyama za upande wake. Hayat aliondoka na mumewe, nyumba nne tu kutoka pale, na bado alilia kama anavuka ziwa.

Zubeda alikuwa chumbani akivua hereni, Massoudi akasimama mlangoni. Hakuinamisha kichwa.

"Zubeda, nani ameweka mukeka wangu kwenye korido?"

"Kulikuwa na mugeni," Zubeda akasema.

"Analala kwenye korido? Mugeni gani huyo?"

"Mwenye heshima sana."

"Ameondoka?"

Chupa namba saba ilikuwa kwenye kabati, vidonge kumi na vinane, viwili kwa siku. Zubeda alijua hesabu bila kutazama, na alijua pia kwamba hakuna mtu ajuaye kitakachokuwa siku ya kumi, si dokta, si ile mashine ya Ubelgiji.

"Ameondoka," akasema. "Ingia ukae."

Massoudi aliingia akakaa kitandani, upande wake, akavua kofia. Kulikuwa na mengi ya kumuuliza, na Shakuru angerudi kesho au keshokutwa na kanzu yake.

"Hati ya nyumba uliweka wapi?"

Massoudi akafungua mdomo kujibu.

"Apana, ngoja," Zubeda akasema. "Hiyo utaniambia kesho. Niite kwanza."